Taa nyekundu ya LUKU na uniti ya 76

Kwenye uso wa mita nyingi za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, kuna taa ndogo nyekundu, na pembeni yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Tunaipita tukikimbilia kubonyeza zile namba 20 za tokeni. Kumbe ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda.

Wapenzi wa elektroniki wanabandika kihisi mwanga mbele ya taa hiyo, wanakifunika kwa selotepu nyeusi ili jua lisikidanganye, kisha wanapeleka waya kwenye bodi ndogo yenye Wi-Fi kama ESP8266. Simu inaonyesha umeme unavyoliwa dakika kwa dakika. Hakuna skrubu iliyofunguliwa wala sili iliyokatwa.

Wanaopinga hawakosi hoja. Mita si mali yako, na mkaguzi akikuta waya zinaning'inia juu yake, wazo la kwanza ni wizi. Halafu yupo fundi wa kujifunzia mtandaoni: leo anabandika nje, kesho anatamani kuchungulia ndani, kwenye volti 230. Hofu hiyo naiheshimu. Wengine wanasema anayejua kusoma taa atajua kama nyumbani kuna watu. Lakini taa ilikuwa ikipepesa hadharani ukutani tangu siku ya kwanza, na selotepu nyeusi ndiyo kwanza imeificha.

Kuna pia wa daftari: kila jioni andika uniti zilizobaki, basi. Sawa, ila daftari litakwambia umeme umekwenda, halitakwambia umekwenda saa ngapi, na hapo ndipo penye pesa.

Chukua bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016. Mteja mdogo wa kundi la D1 alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 ilikuwa shilingi 350, kabla ya kodi. Mara tatu na nusu, kwa umeme uleule! Gawa 75 kwa siku 30: uniti 2.5, yaani mipepeso 2,500 kwa siku. Ukishaijua namba hii huiachi tena. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kujizima inakula mipepeso 1,000. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye birika la umeme, karibu 100. Friji inayovuta wati 100 inapepesa taa kila sekunde 36, kisha ikijizima taa inapaswa kutulia. Mpira wa mlango ukichakaa, utulivu huo unakuwa haba, na saa nane za usiku, watu wote wamelala, mipepeso inaendelea. Daftari la jioni lingeyaonaje hayo?

Kwa hiyo binafsi niko upande wa wenye selotepu, mradi wasiguse sili na wabandue vitu vyao mkaguzi akibisha hodi.

Wanaobaki nje ni waliofungiwa mita juu ya nguzo, ndani wakaachiwa kidude cha kubonyezea tokeni. Taa yao iko huko juu, na nguzo haipandwi. Uholanzi mita janja zina tundu liitwalo P1, limewekwa kwa ajili ya mteja. Kwenye mita mpya data hutoka kila sekunde, unachomeka waya wako na hakuna anayekuita mwizi. Huku kwetu kidude kiko tayari sebuleni. Tundu tu ndilo halipo.