Kwetu anayefunga duka amefilisika, Guangzhou amefunga tu

Kwetu mtu akifunga duka husikii watu wakisema ameamua kufunga. Utasikia kafilisika, kachezewa, kuna mkono wa mtu. Ndiyo maana wengi hawafungi. Mwenye fremu Kariakoo mzigo umemlalia, kodi ya miezi sita inadaiwa kwa mkupuo, marejesho ya mkopo yamempita, na bado anakwenda kukopa kwingine ili milango ibaki wazi. Akifunga atakuwa habari ya mtaa. Basi anaondoka siku dalali wa mnada anapofika, hana hata nauli.

Mimi naishi Guangzhou, China, upande wa Xiaobei, kazi yangu kusafirishia watu mizigo ya Dar es Salaam na Mombasa. Hapa nimeona wenye vibanda wakifunga msimu ungali mzuri. Ukiwauliza, wanakujibu kwamba wakati wake umepita, kisha wanaendelea kufunga maboksi. Sisemi ni malaika. Wachina nao wana aibu zao, hasa ile ya kurudi kijijini mwaka mpya mikono mitupu. Lakini suala la kurudi nyuma wamelitengea nafasi yake ndani ya kitabu cha kutazamia yajayo, tena kitabu kikongwe.

Kitabu ni Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko. Kiini chake ni cha enzi za watawala wa Zhou, yapata miaka 3,000 nyuma. Kina maumbo 64, kila moja lina mistari sita, mizima au iliyokatika. Mzee mmoja anayeuza chai jirani na ghala letu hupiga kwa sarafu tatu. Anazitikisa viganjani, anazimwaga mezani, uso anauhesabu tatu na mgongo mbili, anajumlisha, kisha anachora mstari nyuma ya risiti. Mara sita, akianzia chini kwenda juu. Anayeijua ramli ya pwani, yale maumbo 16 ya nukta moja moja na mbili mbili, hatashangaa sana. (Ramli siipigi, dini yangu hainiruhusu. Kitabu nakisoma kama ninavyosoma methali.)

Umbo la 33 ni Dun, la kujiondoa. Chini mlima, juu mbingu. Mistari miwili ya chini imekatika, minne ya juu ni mizima. Hesabu vizuri hapo: minne kwa miwili. Hujapigwa, hujazidiwa, wengi bado wako upande wako. Ila umbo husomwa kutoka chini, na iliyokatika ndiyo inayopanda. Wakale wa huku wakalipa umbo hili mwezi wa sita wa kalenda yao, ambao kwa kawaida huangukia Julai. Aliyekaa Guangzhou mwezi huo anajua shati linavyoganda mgongoni saa mbili asubuhi. Nani atafikiria baridi? Lakini siku zimeshaanza kufupika, na kitabu kinasema wakati wa kujiondoa ndio huo.

Halafu kinakuja na kila aina ya mwenye kuondoka. Mstari wa kwanza ni mkia, yule wa mwisho kutoka, na neno lake ni hatari. Mstari wa juu kabisa ni wa aliyeondoka akiwa amenona, na huyo hakuna lisilomfaa. Sisi kwetu tumejaza mikia. Na tuliopo ughaibuni ndio wa kwanza. Wapo wenzangu ambao viza zimekwisha, biashara imekufa, wamebaki kujibanza vyumbani, na ukiwaambia warudi wanakuuliza, "Nirudi na nini?" Hilo swali hawakulitunga wao. Ni swali watakaloulizwa na shangazi pale uwanja wa ndege, akiangalia mabegi.

Zhu Xi, mwanazuoni mkubwa wa enzi za Song, mwaka 1195 aliandika waraka mrefu wa kumshutumu Han Tuozhou, kigogo wa ikulu aliyekuwa amemng'oa waziri mkuu. Wanafunzi wake waliona mzee anajitafutia kifo, wakamsihi, hasikii. Mwishowe wakakubaliana watazamie. Likatoka Dun. Zhu Xi hakubishana, akachoma waraka wake, na tangu hapo akajiita Dunweng, Mzee wa Kujiondoa. Mafundisho yake yalipigwa marufuku, akafa mwaka 1200 akiwa bado ni mtu asiyetakiwa. Lakini kuanzia karne ya 14 maelezo yake ya vitabu vya kale ndiyo yaliyotumika kutahini watumishi wa serikali ya China, hadi mitihani ile ilipofutwa mwaka 1905. Waraka ule ungemfikisha wapi?

Wafanyabiashara wa huku wao humpenda zaidi Fan Li. Huyu alimsaidia mfalme Goujian wa Yue kuiangusha dola hasimu ya Wu mwaka 473 kabla ya Kristo. Ushindi ungali mbichi, akaaga. Akawa mchuuzi, akatajirika, leo wapo wanaomwabudu kama mungu wa mali. Mwenzake, Wen Zhong, alibaki kula matunda ya ushindi, na mfalme yuleyule akamwamuru ajiue.

Msinijibu kwamba haya ni ya Wachina. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962 Mwalimu Nyerere akauachia uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, yeye akaenda kuijenga TANU mikoani. Wapo waliodhani amesukumwa. Desemba ya mwaka huohuo alirudi akiwa Rais wa Jamhuri. Mtume (SAW) aliondoka Makka mwaka 622, na mwaka 630 aliingia tena akiwa na jeshi. Na wazee wetu walishasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Elimu tunayo kabisa. Tunaikariri harusini na kwenye khanga, kisha jirani akifunga genge tunamtangaza kabla ya magharibi.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Kwamba Mchina anayefunga kibanda ana akiba na shamba la baba yake, wakati wa kwetu ana deni la kikoba, ada za wadogo zake wanne na mama mwenye presha. Atajiondoaje? Hoja ni nzito, na kitabu hakikuiruka. Mstari wa tatu ni wa mtu huyohuyo: anataka kuondoka, lakini amefungwa kamba, na kamba yenyewe inamuuguza. Kwake kitabu hakisemi kata ukaondoke. Kinasema kuwatunza wa nyumbani mwake kuna heri, na maelezo ya kale yanaongeza kwamba mambo makubwa hayawezekani katika hali hiyo.

Kwa hiyo wewe unayenipigia simu usiku, biashara inayumba, watu saba wanakula mgongoni mwako, na unataka nikutafutie kontena la pili kwa mkopo: sikutafutii. Uza ulichonacho hata kwa bei ya hasara, lipa ada ya muhula huu, na weka nauli ya kurudi mahali ambapo hata mimi nikikuomba hutaigusa.