Bwana Harusi wa Meza Namba Nane

Nianze kwa kukiri: sheria ya kadi niliitunga mimi.

Harusi ya Dar haina mwenyewe, ina kamati. Ya sendofu yangu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ilikuwa na mwenyekiti (mjomba wangu, mstaafu, ambaye hakuitwa "mheshimiwa" tangu aache kazi na alikuwa ameanza kudhoofika), katibu, mweka hazina, na vikamati vya chakula, mapambo, vinywaji na usafiri. Mimi nilikuwa nahudhuria kama mwalikwa. Vikao kila Jumapili saa kumi, kwenye baa moja Sinza, eti kwa kuwa Sinza ni katikati. Katikati ya nini, hakuna aliyesema. Kikao cha kwanza walikuja watu 41, zikatolewa ahadi za milioni 16 na ushee, tukapiga makofi hadi majirani wakachungulia. Fedha taslimu mezani: 385,000. Bili ya mishikaki na vinywaji vya wajumbe: 290,000.

Tarehe nayo ilijipanga yenyewe. Kanisani kwetu Kwaresima hakuna shamrashamra, kwa hiyo wachumba wote wa jiji hili husubiri Pasaka ipite, kisha wanakimbilia kumbi kama daladala ya mwisho. Na baada ya Pasaka ndipo masika yanapokolea. Jumamosi zote zilishachukuliwa. Tukapata Ijumaa moja ya mwisho wa Aprili, nikaambiwa nishukuru.

Sasa hiyo sheria. Mwaka mmoja kabla, binamu yangu alifanya sendofu ya watu 250 wakala watu 400. Wazamiaji. Watu wanavaa suti, wanapaka mafuta, wanaingia ukumbi wasioujua na kumkumbatia mama wa bibi harusi huku wakilia. Shangazi yangu, aliyesafiri kutoka Same na basi la alfajiri, alifika kwenye meza ya chakula akakuta kachumbari na kijiko. Jambo hilo ameshalisimulia kwenye misiba mitatu.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, nikaomba nafasi kikaoni, nikasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, getini wakae mabaunsa. Bila kadi haingii mtu, hata awe nani." Nilipigiwa makofi. Mjomba akasema haya ndiyo mawazo tunayoyataka. Katibu akaandika "hata awe nani" na kupigia mstari.

Jambo la pili nililoamua mimi, maana yalikuwa mawili tu, ni nguo za mchumba wangu. Yeye alitaka kaunda suti ya kijivu. Nikamwambia hapana baba, wewe suti nyeusi ya vipande vitatu, shati jeupe, tai ya kipepeo. Fundi wa Kinondoni akaishona vizuri, kizibao kimemkaa kama kimemwagwa. Hakuna aliyefikiria kuuliza wahudumu wa ukumbini wanavaaje.

Siku yenyewe mvua ilianza saa tisa alasiri na haikuwa na haraka. Jangwani maji yakapanda barabarani, njia ikafungwa, magari yote ya upande wa Ilala yakamiminikia Buguruni kutafuta Ubungo. Humo kwenye foleni ilikuwamo Coaster ya ukoo wa mchumba wangu, na mchumba wangu ndani yake, na kadi zao zote zikiwa kwenye mkoba wa baba yake mkubwa. Wazazi wake na mpambe wake walitangulia na gari dogo, wakafika. Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa saluni, kope za kubandika zimegoma kukaa, simu iko kwenye pochi ya matroni, na matroni ameiweka kimya "ili usichanganyikiwe".

Niliingia ukumbini saa mbili na nusu. Makofi, vigelegele, nikacheza, nikakaa. Saa tatu MC akatangaza lile zoezi ambalo msichana wa sendofu hulifanyia mazoezi mbele ya kioo: kushuka jukwaani na shada la maua, kumtafuta mwenzio katikati ya wageni, kumvisha na kumleta mbele umtambulishe kwa wazazi. Katibu alimnong'oneza mpambe wa bwana harusi: jamaa yupo? Mpambe akasema yupo, nimemwona getini. Na kweli alimwona getini.

Taa zikapunguzwa. DJ akaachia muziki. Nikashuka kwa mwendo ule wa polepole, naangaza kulia, naangaza kushoto, nikiigiza kuwa simwoni. Baada ya meza ya tano nikagundua kwamba siigizi.

Meza za upande wao zilikuwa nusu tupu. Nikazunguka. Wimbo ukaisha, DJ akaurudia. Mpiga picha ananifuata kinyumenyume, taa yake usoni kwangu. MC, badala ya kunyamaza, akaona ndiyo nafasi yake: "Bibi harusi anatafuta! Jamani mwanamume wa Dar kumpata si mchezo!" Watu wakacheka. Wimbo ukaanza mara ya tatu. Mama mkwe akainama akawa anachungulia chini ya meza, sijui alidhani mwanawe ana miaka minne. Kope ya kushoto ikadondoka ikatua kwenye shada.

Ndipo nikaisikia sauti ya shangazi, yule wa Same, kutoka meza namba nane: "Kijana, hizi ni za kuku au za nyama? Na mbona unaondoka, sinia halijaisha hilo!"

Kijana akageuka. Shati jeupe, kizibao cheusi, tai ya kipepeo. Sinia la sambusa mkononi. Mchumba wangu.

Tukatazamana. Hata MC alikosa neno, na huyo tulimlipa ili asikose.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa baadaye. Alipoona Coaster haisogei, alishukia Buguruni akapanda bodaboda. Alifika koti limelowa chapachapa, akalivua, akamwachia bodaboda amshikie wakati anatafuta chenji. Bodaboda akapata abiria, na koti likapata safari. Getini baunsa akamwomba kadi. Akasema, "Mimi ndiye bwana harusi." Baunsa akamjibu, "Wewe wa tatu leo." Akanipigia mara 17. Baunsa akamkagua kuanzia kizibao hadi viatu, sauti ikalainika kidogo: "Braza, wahudumu mnapita mlango wa nyuma. Kwa nini unataka kuniharibia kazi?"

Akaenda mlango wa nyuma, akidhani amepata upenyo. Huko alipokelewa na mama msimamizi wa jikoni, mwanamke mmoja mpana, mwiko mkononi. "Saa tatu usiku ndiyo mnakuja kazini! Shika hili, meza namba nane." Akamwambia, "Mama, mimi ni bwana harusi." Mama yule hata hakumtazama: "Na mimi ni bibi harusi. Meza namba nane."

Nilimuuliza kwa nini hakuliweka tu sinia chini akaja kwangu. Akasema alitaka kufanya hivyo, ila shangazi alikuwa ameshamshika mkono na hakuwa anaachia.

Basi nikamvisha shada lile hivyohivyo, kope na yote, huku yeye amelishikilia sinia, maana hakuna aliyempokea. Ndiyo picha ambayo mama ameitundika sebuleni. Wageni wengi waliamini ni ubunifu wa MC, na nasikia ameshapata kazi mbili kwa ajili hiyo.

Baada ya harusi tulikaa kikao cha kuvunja kamati, Sinza kama kawaida, mishikaki kama kawaida. Mweka hazina akasoma hesabu, tukapitisha. Mjomba akauliza kama kuna mengineyo. Shangazi akasimama, akajifunga kanga vizuri, akamtazama mume wangu kwa huzuni.

"Mkwe wangu, usiku ule kabla mambo hayajajulikana nilikupa elfu mbili ya soda. Nimekaa nayo moyoni. Mkwe hapewi elfu mbili." Akafungua pochi, akatoa elfu hamsini iliyokunjwa, akampa kwa mikono miwili, tukapiga vigelegele.

Kisha hakukaa. Alibaki amesimama palepale, kiganja wazi.

"Sasa ile elfu mbili yangu."