Mtoto wa Muheza na Machungwa Ishirini na Matatu

Mtu aliyezaliwa Muheza hafundishwi chungwa. Hivyo ndivyo nilivyoamini tangu utotoni hadi Jumamosi moja ya Januari, saa saba na nusu mchana, nilipojikuta juu ya mnara wa kanisa kuu la Sevilla, Hispania, nikiwa nimefumba macho yote mawili, machozi yananitiririka, na mwenzangu ananiuliza kwa upole wa watu wa Mvita kama aniitie daktari.

Nianze na ujuzi wangu, kwa sababu ndio ulioniponza. Baba yangu ni mkulima wa machungwa. Shamba letu ni la Valencia, kila mche umebebeshwa juu ya shina la mlimau, na kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kulitambua chipukizi la shina la chini linapojitokeza kwa ukorofi ili limeze mche wenyewe. Nimepakia machungwa kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam na Nairobi, na nimeyamenya kwa kisu kando ya barabara mpaka ganda likatoka refu kama mkanda bila kukatika. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Madrid, baba hakuniusia habari za baridi wala za mitihani. Aliniambia hivi: "Mwanangu, unakwenda kwenye nchi ya Valencia. Ukayaonje ya kwao, kisha uniambie yakoje. Ya dukani usiyahesabu, maana chungwa la dukani halina kwao. Chuma mtini." Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba, ingawa jina hilo ni la mji wa Hispania, aina ile ya chungwa asili yake si huko. Kuna mambo ambayo mzee aliyepanda miti mia nne kwa mikono yake hapaswi kuambiwa.

Madrid haina michungwa barabarani, na wosia wa baba ulikaa miezi minne bila kutekelezwa. Ndipo mwenzangu, dada wa Mombasa anayesoma usanifu wa majengo, alipopata tiketi za bei nafuu za treni ya mwendokasi ya kwenda Sevilla, ile njia iliyofunguliwa mwaka 1992 mji huo ulipokuwa mwenyeji wa maonyesho ya dunia. Tulikwenda kwa muda wa saa mbili na nusu, yeye akisoma habari za matao na minara, mimi nikilala. Tulipotoka kituoni na kuingia mitaani, usingizi wote uliniisha. Pande zote mbili za barabara ilisimama michungwa, imepangwa kwa mstari kama askari wa gwaride, majani yake ya kijani kibichi yanang'aa, na matunda yake ni mengi na mekundu kiasi kwamba mengine yalikuwa yameshadondoka na kulala kando ya magurudumu ya magari. Watu walikuwa wakipita juu yake wakizungumza na simu.

"Kaka," dada akaniuliza, "mbona hayachumwi na mtu?"

Hilo lilikuwa swali la akili kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mimi nililijibu kama mjinga. Nilimweleza kwamba Wazungu hawana muda, kwamba mtu aliyezoea kununua tunda lililofungwa kwenye wavu hawezi kuamini kuwa tunda hilo hilo linaota mtini, na kwamba sisi tuliotoka Muheza tunalitambua tunda kwa kulitazama tu. Maelezo hayo yalichukua mwendo wa dakika ishirini. Dada alinisikiliza kwa adabu, na nadhani adabu yake ilichangia sana katika yaliyofuata.

Tulianzia Plaza de España, uwanja mkubwa wa nusu duara uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929, wenye mabenchi ya vigae vilivyochorwa, kila benchi na mkoa wake. Dada alipima matao kwa macho na kuandika mambo kwenye daftari lake. Mimi nilitafuta benchi la Valencia, nikakaa, nikapiga picha na kumtumia baba kwa maneno haya: "Nimefika nyumbani kwa miti yetu." Baba alijibu haraka kuliko anavyojibu nikiomba fedha: "Umeonja?"

Nilichuma tulipofika Santa Cruz, ule mtaa wa kale ambao vichochoro vyake vimebanana kama vya Mji Mkongwe, katika kiwanja kidogo chenye mabenchi na chemchemi. Kwa kuwa sikuwa na kikapu, nilitumia mfuko wa plastiki wa dukani uliokuwemo kwenye koti langu, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Nilichuma kiungwana: nilishika tunda, nikalizungusha na kulinyanyua ili kikonyo kisichanike, kama baba alivyonifunza. Nikahesabu machungwa ishirini na matatu. Hapo ndipo nilipaswa kuona. Jani la mti ule lilikuwa na bawa pana kwenye kikonyo chake, kama jani dogo lililobandikwa chini ya jani kubwa, na ganda la tunda lilikuwa nene na la vinundu. Mtoto yeyote wa shambani angesita. Mimi niliyatazama mambo hayo mawili, nikajiambia kwamba ni hali ya hewa.

Sikuonja palepale, na hili nalitetea hadi leo. Kwetu chungwa haliliwi kwa pupa. Linamenywa kwa kisu, linakatwa kifuniko juu, kisha mtu anatulia. Kisu sikuwa nacho, lakini utulivu niliupangia: tungepanda mnara, tule machungwa tukiwa juu, mji wote ukiwa chini yetu, na hivyo tuokoe fedha ya chakula cha mchana.

Mlangoni mwa kanisa kuu, mlinzi wa makamo alichungulia ndani ya mfuko wangu, akanitazama, akachungulia tena. Akasema jambo refu kwa Kihispania cha kusini, ambacho humeza herufi za mwisho, na katika maneno yote nilinasa mawili tu: *naranjas amargas*. Naranjas nililijua. Amargas sikulijua, lakini mkulima hapotei kwa jambo dogo kama hilo: nilielewa mara moja kuwa ni jina la aina, kama vile tunavyosema Valencia. Nikanyoosha mgongo na kumjibu kwa Kihispania changu cha miezi minne kwamba ndiyo, amargas, ndizo ninazozipenda kuliko zote, na kwamba baba yangu Afrika ana miti mia nne ya amargas. Mlinzi aliweka mkono kifuani kwa heshima iliyochanganyika na huruma, akatupisha.

Ndani ya kanisa lile, ambalo ni kubwa kuliko makanisa yote ya Kigothi duniani, sitaeleza mengi, kwa kuwa nilitembea nikiwaza tumbo. Nakumbuka kaburi la Christopher Columbus likiwa limebebwa mabegani na sanamu nne za watu wenye mataji, nami nikawaonea wivu kwa kuwa wao walikuwa wanne na mzigo wao ulikuwa mmoja.

Mnara ni jambo jingine. Jina lake ni Giralda, nao ulijengwa na watawala Waislamu wa dola ya Almohad kwa ajili ya msikiti uliokuwa mahali pale. Kazi ilianza mwaka 1184 na ikakamilika mwaka 1198, na sehemu ya kengele iliongezwa juu yake na Wakristo katika karne ya 16. Dada alinionyesha jambo ambalo kwake lilikuwa tamu kuliko yote: ndani hakuna ngazi. Kuna miinuko laini 35, imezunguka ndani ya mnara wa mraba, kila mmoja na namba yake ukutani, na inasemekana ilijengwa hivyo ili mwadhini aweze kupanda kwa mnyama bila kuchoka. Akaulinganisha na mnara wa Msikiti wa Mandhry kwao Mombasa, ambao mwadhini wake hakuhitaji punda. Nilimwambia kwamba ubunifu huo ni mzuri sana, kwa kuwa mtu mwenye mzigo hapandi vidato. Tafadhali kumbuka kwamba nilisema hivyo, na kwamba mtu akipanda kwa raha kwenye mwinuko, vitu vya mviringo navyo hushuka kwa raha ileile.

Mwishoni kabisa kuna vidato vichache, kisha unatokea kwenye kengele na upepo, na paa la kanisa limetanda chini yako kama mgongo wa mamba. Nikaketi pembeni, nikachagua chungwa lililo zuri kuliko yote, nikaanza kulitoboa kwa ufunguo wa chumba changu. Ganda likarusha mafuta yake moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Nilipanguza kwa mkono uliokuwa na mafuta hayohayo, na jicho la kulia nalo likapata haki yake. Kwa kuwa sikuona tena, sikuwa na sababu ya kutazama nilichokuwa nakila, na nikang'ata kwa nguvu zote za mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri.

Nimewahi kunywa mwarobaini. Nimewahi kutafuna klorokwini nikiwa mtoto kwa kudhani ni peremende. Uchungu ule wa vitu viwili ulikuwa salamu tu ukilinganisha na huu, ambao ulianza kwa ukali wa ndimu, ukanibana mashavu, kisha ukaja uchungu wenyewe kwa nyuma, taratibu, na kuketi kwenye mzizi wa ulimi kama mgeni aliyekuja na mizigo yake. Wakati huohuo kengele iliyo juu ya kichwa changu ikalia.

Dada alichukua kipande, akakinusa tu. "Kaka," akasema, "hili si danzi? Bibi yangu alikuwa akiyakamulia samaki."

Danzi, lile chungwa chungu! Neno hilo nilikuwa nalo tangu nizaliwe. Nilikuwa nimebeba madanzi kilo nne na ushei hadi juu ya mnara wenye urefu wa zaidi ya mita mia moja, nikiwa nimeyahubiri tangu asubuhi.

Nilitaka maji, na maji yalikuwa chini. Nikaanza kushuka kwa haraka, nusu kipofu, nikijishika ukutani. Nilipofika kwenye mteremko wenye namba 29, mfuko ukapasuka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya namna ile mwezi Juni mwaka 2019 kwa ajili ya mazingira. Mimi ninayo sababu ya ziada. Madanzi ishirini na mawili yalianguka kwa mkupuo, yakatulia nukta moja kana kwamba yanashauriana, kisha yakaondoka.

Kwenye ngazi za kawaida yangeruka vidato vitatu na kusimama. Pale hayakuwa na cha kuyasimamisha isipokuwa kona, na kona zenyewe yalizigonga, du, yakageuka na kuendelea na mteremko unaofuata kama watu wanaoijua njia. Nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele neno pekee la onyo nililolijua kwa Kihispania, ambalo baadaye niliambiwa ni la kuomba radhi. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakipanda kwa kundi walisikia kwanza sauti ya mtu anayeomba msamaha kutoka mbinguni, wakasimama kusikiliza anatubu nini, ndipo madanzi yakawapitia miguuni. Bwana mmoja alilituliza moja kwa ndani ya mguu, kifundi kabisa, akanirudishia pasi nisiyoweza kuidaka. Mtoto aliyekuwa mabegani mwa baba yake alianza kuyahesabu kwa sauti, na alipofika *catorce*, yaani kumi na nne, watu waliokuwa nyuma wakamsaidia kwa pamoja.

Mlinzi wangu nilimkuta karibu na chini ya mnara, amepiga goti, anapanga madanzi kumi na tisa ndani ya boksi. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba miti ya namna ile mjini mwao inazidi 40,000, kwamba hupandwa kwa ajili ya kivuli, na kwa maua yake yanayonukiza mji mzima majira ya machipuko, kwamba sehemu ya matunda huenda Uingereza kupikwa jamu, na kwamba mwaka 2021 mji ulianza kujaribu kuzalisha umeme kwa maji yake. Kulila bichi, alisema, ndilo jambo pekee ambalo hawajawahi kulijaribu. Kisha akanikabidhi boksi kwa mikono miwili na kumtakia baba yangu mavuno mema ya amargas zake mia nne.

Sikuweza kuliacha boksi lile mbele ya macho yake. Nikaendelea nalo jioni nzima: kando ya mto Guadalquivir, mbele ya mnara wa Torre del Oro, ndani ya treni, saa mbili na nusu hadi Madrid, likiwa mapajani, nami nikiwa nimekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Dada naye hakusema neno, ila mara kwa mara mabega yake yalitikisika, akasingizia treni.

Kesho yake alikuja jikoni kwetu na pilipili, kitunguu saumu na siki, akaniamuru nikate. Tulipokuwa na masufuria mawili motoni baba akapiga simu, nikaiweka mezani kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta na macho yangu yalishapata funzo.

"Picha nimeiona," baba akasema. "Sasa niambie, umechuma mtini?"

"Nimechuma mtini, baba."

"Yakoje?"

Nilikuwa bado natafuta neno ambalo si uongo, dada alipoinamia sufuria, akaonja kwa ncha ya kijiko, na kusema kwa sauti ya kusikika hadi Muheza: "Shikamoo, baba. Yamepungua chumvi kidogo tu."