Ghala la Baridi la Chicago: Ni Nini Hasa Kilichookolewa?

Jengo la Fulton Market Cold Storage, lenye ghorofa 10, lilijengwa miaka ya 1920 mjini Chicago ili kuhifadhi nyama na vyakula vingine katika baridi kali. Mitambo yake ilipozimwa mwaka 2013, barafu iliyojikusanya humo kwa miaka mingi ilibidi iyeyushwe kwa mashine za kupuliza hewa ya moto kabla mafundi hawajaanza kazi ya kuligeuza kuwa ofisi. Baadaye Google ikahamishia ofisi zake za Chicago humo.

Hoja yenye uzito zaidi ya kutetea ukarabati huo ni ya zege. Ghala hujengwa libebe shehena nzito, kwa hiyo nguzo na sakafu zake zinamudu kwa urahisi uzito wa watu na meza zao. Zaidi ya hayo, utengenezaji wa saruji huzalisha takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na anayebomoa kiunzi kilicho imara hulazimika kumwaga zege jingine mahali palepale.

Hoja ya urithi, yaani kwamba ukarabati huo ulihifadhi jengo la kihistoria, kwa maoni yangu ni dhaifu. Ghala la baridi hujengwa kuzuia joto, likiwa na madirisha machache mno na kuta nene zilizowekewa koki (gome la mti linalozuia joto), ilhali ofisi inahitaji mwanga. Ndiyo maana jengo lilivuliwa karibu kila kitu hadi kikabaki kiunzi, kisha likavishwa vioo kwa sehemu kubwa. Huko ni kutumia tena kiunzi, tena kwa busara, lakini kukuita uhifadhi wa historia ni kutia chumvi.

Gharama iliyofichika zaidi iko nje ya jengo. Mtaa wa Fulton Market, ambamo jengo limo, ulikuwa soko la jumla la nyama na samaki. Kampuni kubwa zilipoingia, McDonald's ikiwemo mwaka 2018, bei ya ardhi ilipanda na wafanyabiashara wengi wa nyama wakaondoka. Jiji lilikuwa limeutangaza kuwa eneo la kihistoria mwaka 2015, lakini ulinzi wa namna hiyo huhusu sura ya majengo, haumzuii mpangaji kuhama kodi inapomshinda. Hata hivyo, si wote waliofukuzwa: wenye majengo walikuwa na mali ya kuuza kwa bei nono, na baadhi yao walipinga hata tangazo hilo la jiji, jambo ambalo wanaolililia soko la zamani hawapendi kulitaja.