Bibi Hajarogwa, Wala Si Uzee Tu

Bibi yangu ameanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa zaidi ya miaka 40. Wingu likifunga juu ya ziwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwazoa. Siku alipoacha dagaa wa mtaji mzima wanyeshewe, huku ameketi anawatazama tu, tulijua kuna jambo. Baadaye akaanza kuamka usiku wa manane kumfungulia babu mlango. Babu tulimzika zamani.

Maelezo tuliyopewa yalikuwa mawili. Majirani walisema kuna mtu kamchezea. Zahanati tuliyompeleka ikasema ni uzee, mrudisheni nyumbani. La kwanza liliniudhi. La pili linaniuma hadi leo, maana lilitoka kwa mtu aliyesomea tiba.

Uzee haumsahaulishi mtu jina la mwanawe. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona kwa hadubini katika ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu: mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Ugonjwa huo ukapewa jina lake, Alzheimer. Mama huyo alifariki akiwa na miaka 55. Huo ni uzee gani?

Leo inajulikana kwamba mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi beta, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Protini huanza kama uzi mrefu, na nyingi hazifanyi kazi mpaka zikunjwe zikapata umbo lake. Ikikunjika vibaya, sehemu zake zenye kunata, zilizopaswa kufichwa ndani, hubaki wazi, ikashikana na nyingine na kuzipotosha. Mvuvi wa Katonga anaujua wavu uliopiga fundo: ukiuvuta kwa pupa, unazoa hata nyuzi zilizokuwa salama. Katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, protini inayopotoka ni nyingine, alfa-sinukleini, lakini kisa ni kilekile.

Seli haikai kimya. Inazo protini za kuziongoza nyingine zikunjike sawasawa. Mimi naziita makungwi. Zilizoshindikana hukatwakatwa na kutupwa. Mzigo ukizidi, seli hupiga kengele na kupunguza utengenezaji wa protini mpya, ili kwanza inyooshe zilizopo. Hapa ndipo pananishika mimi, kwa sababu kinga hiyohiyo hugeuka hatari. Seli za ubongo zinahitaji protini mpya kila siku kutunza miunganiko yao, na karibu zote hazizaliwi upya, tunazeeka nazo. Kengele isiponyamaza, miunganiko inakatika, kisha seli zinakufa. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliwapa panya wenye ugonjwa wa prioni, nao pia wa protini zilizopotoka, kemikali ya kuizima kengele hiyo. Seli za ubongo ziliokoka ingawa protini mbovu zilibaki palepale. Panya walikonda na kongosho zao zikadhurika, kwa hiyo si dawa ya kumpa Bibi. Lakini nilipoisoma habari hiyo nililia, kwa kuwa ilinionyesha kwamba ndani ya kichwa chake kuna seli zilizopigana miaka mingi kabla hatujaona lolote.

Na sisi tunasema karogwa! Magharibi hii na kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Najiuliza ni wangapi kati yao walitangatanga usiku kama Bibi, wakaonekana wanawanga.

Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa ukiwa bado mchanga. Bei yake na picha za ubongo inazodai ziko mbali nasi. Ninachodai mimi kinawezekana Kigoma: neno "uzee" lisiandikwe kwenye cheti kabla mgonjwa hajapimwa presha, sukari, kaswende, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, na kuulizwa kama ana sonona. Baadhi ya hayo huleta usahaulifu unaotibika. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya maradhi ya usahaulifu vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na presha, kisukari na masikio yasiyosikia vizuri vimo katika sababu walizozitaja. Bibi hakuwahi kupimwa presha mpaka alipofika miaka 70.

Siku hizi mama humwekea sinia la dagaa asubuhi. Mama mwenyewe anaitwa "dada" na hajibishani naye. Bibi anachambua mchanga na vijiti, vidole vinakwenda vyenyewe, haraka kunishinda mimi. Juzi alinipiga kofi la mkono kwa sababu nilichanganya wakubwa na wadogo.