Kigari kidogo cha OB hapa Dodoma: tusikipime kwa urefu wa trela

Kila msimu wa mahafali na mikutano ukifika hapa Dodoma ule ubishi wa watu wa kamera unarudi palepale: hivi vigari vidogo vya OB (matangazo ya laivu nje ya studio), hizi HiAce zilizofungwa raki na monita ndani zikabeba kamera 4 mpaka 8, ni vyombo vya kazi kweli au ni njia ya kukwepa gharama? Wakongwe wanasema laivu ya maana inataka lile gari kubwa la trela kutoka Dar, kinyume na hapo unarusha harusi. Vijana wanasema hela ya kulileta trela, kulilisha na kulilaza inatosha kufanya matukio kadhaa. Nimefanya kazi pande zote mbili na naona hiki kigari bado hakijaeleweka, na sio kwa wateja tu, hata kwetu mafundi.

Nianze na wakongwe maana wanachosema kina uzito. Kwenye gari kubwa kila kitu kina mwenzake, mikisa, mashine ya kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani, ikizima kuna nyingine, umeme ukikatika kuna njia ya pili. Alafu fundi sauti ana chumba chake, anasikia anachokirekebisha. Kwenye HiAce huyo mtu goti lake linagusana na la dairekta, dairekta anaita "kamera tatu, jiandae tatu, tatu!", AC inavuma, feni za mashine zinavuma, na bado anatakiwa asikie kama maiki ya mgeni rasmi inakwaruza. Hii ni shida ya kweli, matangazo mengi ya vigari vidogo ukiyasikiliza vizuri picha ziko safi ila sauti imechoka. Na kwenye mpira mkubwa hamna ubishi, Kombe la Dunia mechi moja inakula kamera zaidi ya 30, na mechi yenye VAR (marefa wa video) inataka mitambo na watu ambao HiAce haina pa kuwaweka.

Sasa kuna jambo moja watu hawalitazami na mimi naliona ndo kiini cha kila kitu. Kamera moja ya HD kwenye waya wa SDI, ule wa kubebea picha ya kamera, inatema karibu gigabiti 1.5 kwa sekunde. Kamera 6 ni gigabiti 9. Lakini kinachotoka kwenye gari kwenda kituoni au mtandaoni ni picha moja tu, iliyokatwa (yaani dairekta ameshachagua kamera ipi ionekane) na kubanwa tayari, megabiti 8 hivi kwa sekunde na kwa HD inatosha. Yaani kati ya kilichoingia na kilichotoka tofauti ni zaidi ya mara elfu moja! Kazi nzito yote inaisha ndani ya gari, pale pale uwanjani. Trela la mita 12 na kigari cha mita 5 vyote vinamaliza hivyo hivyo, picha moja inatoka nje. Mtazamaji aliyekaa Kizota na simu yake hajui na hana haja ya kujua imetoka kwenye gari la ukubwa gani, anachojua ni kama shoti imekatwa kwa wakati na kama anasikia.

Kuna wanaosema basi tuache magari kabisa, kila kamera itume picha yake Dar wakakatie huko. Inawezekana, wenzetu wanafanya, ila hapo unataka njia 6 imara badala ya moja na zote zifike kwa wakati mmoja. Kwenye ukumbi wenye faiba nzuri (waya unaopitisha data kwa mwanga) sawa, ila Bahi au Manyoni usijaribu.

Turudi kwenye hizo megabiti 8. Ni megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo saa nzima ni gigabaiti 3.6, na mahafali ya saa 4 pale ukumbi wa Chimwaga ni gigabaiti 14 na ushee. Hilo ni bando ambalo mtu yeyote ananunua dukani. Zamani ili picha itoke Dodoma ulikuwa unahitaji dishi, fundi wa kulielekeza na nafasi ya satelaiti ya kukodi kwa muda, na mvua kubwa ikishuka, hasa hizi zetu za Desemba mpaka Aprili, mawimbi ya Ku, yale ya satelaiti, yanadhoofika na picha inaanza kukatika. Leo kisanduku chenye laini kadhaa, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, kinagawa picha vipande vipande kinavipitisha kwenye mitandao yote kwa pamoja na upande wa pili vinaunganishwa. Mtandao mmoja ukiyumba mingine inabeba.

Ila hapa ndo vijana wanapojidanganya. Unakuja Jamhuri asubuhi uwanja mtupu, unapima, unapata megabiti 30, unafurahi. Saa 10 jioni watu wamejaa, kila mtu ana simu mkononi anatuma video, mnara ni ule ule, unaweza kujikuta na megabiti 2. Kuwa na laini tano hakusaidii kama zote zinategemea minara inayohudumia umati ule ule. Dawa yake inajulikana, upime siku ya tukio kama hilo hilo, na kama ukumbi una faiba, mfano kumbi kubwa kama Jakaya Kikwete, uombe uunganishwe mapema na laini za simu zibaki akiba.

Kinachonigusa zaidi kwenye suala hili ni matukio ambayo hayarushwi kabisa. Dar mpaka hapa ni kama kilomita 450. SGR imetupunguzia safari sisi abiria tangu 2024 ila mitambo bado inakuja kwa barabara, inalala, inafungwa, inarushwa, inafunguliwa, inalala tena, inarudi. Siku mbili tatu za posho na gesti za watu 30 kwa tukio la saa 2. Kwa hesabu hiyo trela litakuja kwa mechi kubwa ya Dodoma Jiji na kwa mkutano wa kitaifa, baada ya hapo basi. Fainali ya shule za Kongwa haliji, baraza la madiwani Mpwapwa haliji, kwaya za Kondoa haliji.

Chukua ngoma za Wagogo pale Chamwino. Kamera moja kwenye stendi inakuonesha kundi la watu linacheza kwa mbali, ukiangalia dakika tano umehama. Ila weka kamera ya pili kwenye vidole gumba vya mpiga ilimba (kinanda cha vidole), ya tatu chini kabisa kwa wale kina mama wa muheme (ngoma ya wanawake) walioibana ngoma katikati ya mapaja, ya nne kwenye sura ya anayeongoza wimbo, alafu awepo mtu anayejua mzunguko wa hiyo ngoma akate shoti kabla mapigo hayajabadilika. Hapo mtoto wa Kigogo aliyezaliwa Dar anaona bibi zake wanafanya nini hasa. Hiyo kazi kamera 4 na kigari kimoja vinaitosha kabisa, na trela halijawahi kuwa na mpango nayo.

Na bei ina mambo yake mengine. Januari 2016 Nape Nnauye akiwa waziri wa habari alitangaza hapa hapa bungeni kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge laivu, na sababu iliyowekwa mezani ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Watu walibishana sana kama hiyo ndo sababu yenyewe, na Bunge ni ukumbi wa kudumu, suala lake sio la gari. Lakini funzo nililobaki nalo ni kwamba matangazo yakishakuwa ghali, kuyazima kunakuwa rahisi maana hoja ya hela iko tayari mezani. Kikao cha halmashauri kinachorushwa kwa gharama ndogo hakina hoja hiyo ya kukizima.

Wapo wanaouliza kwanini gari, si uweke mikisa juu ya meza chini ya turubai kama kwenye harusi? Jibu la Dodoma ni vumbi. Waya wa kawaida wa SDI unakupeleka kama mita 100 na uwanja wa mpira wenyewe una urefu wa mita 105, bado hujahesabu ulipopaki, kwa hiyo kamera ya goli la mbali lazima iende na faiba. Njia ya mwanga ndani ya faiba ya masafa marefu ni mikroni 9, nywele ya kichwa ni nene mara kadhaa ya hapo. Kile kipindi cha upepo cha kiangazi, unafungua kiunganishi sekunde chache tu, punje ya vumbi inakaa juu ya mdomo wa faiba na kamera nzima inapotea, unabaki unatafuta ubovu kwenye kamera wakati ubovu uko kwenye kitu usichokiona kwa macho. Kwenye gari viungio vingi vimeshafungwa ndani, mlango umefungwa, AC inapoza mashine, jenereta ya kilowati 5 inabeba vyote. Chini ya turubai kila tukio unaanza upya, na kila ukianza upya unafungua viunganishi.

Kwa hiyo kwangu mimi mechi ya VAR acha trela lije, vingine karibu vyote vya kanda hii kigari kinavimudu. Hatari yake iko kwa wenye vigari wanaodhani gari likipungua na watu wapungue kwa kiwango hicho hicho. Kamera 6 zinataka watu 6, dairekta anaweza kukata shoti mwenyewe, mmoja ashike grafiksi na riplei, mmoja kebo na mtandao, na fundi sauti asimame peke yake asipewe kazi nyingine yoyote, ikiwezekana akae nje ya gari kwenye chumba cha ukumbi na hedseti nzuri. Hao ni watu 10. Nikiona mtu anatoa bei ya watu 5 kwa kamera 6 najua tayari kwamba kamera tatu zitakuwa kwenye stendi hazina mtu, na mteja atauziwa kamera 6 apate 3. Hela inayobaki kwa kutoleta trela ikanunue mikisa ya pili hata ndogo ya kamera 4, ikae imeshaunganishwa na kamera kuu, na iandikwe kwenye bei ili mteja ajue analipia nini.