Mpira wa moto na ombasha

Wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons, wakiamua kuwapeleka wahusika wao jeshini, haipiti muda kabla mmoja wao hajauliza: vyeo vya nini? Mchawi mmoja aliyekomaa anateketeza kikosi kwa mpira mmoja wa moto kabla kapteni hajamaliza kutoa amri. Joka halitofautishi meja na kuruta. Na mpiganaji wa ngazi ya 12 ya uwezo, aliyekwisha kuingia kuzimu na kutoka, ampigie saluti luteni wa ngazi ya 2 ambaye panya wakubwa wa pangoni wangemmaliza? Kwa maoni haya uchawi umeshafuta vyeo, na kilichobaki ni majina ya kupamba karatasi ya mhusika.

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wanaozijua kanuni kuliko mimi. Nadhani wamepiga hesabu wakaishia katikati.

Wana haki yao, na niitoe mapema. Mchezo wenyewe ulizaliwa ukipima uzito wa mtu kwa nguvu zake. Kabla ya Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 kulikuwa na Chainmail ya mwaka 1971, mchezo wa vita vya vinyago, ambamo shujaa mmoja alihesabiwa sawa na askari wanne. Matoleo ya mwanzo yalimpa mpiganaji jina kwa kila ngazi: Mkongwe kwenye ya kwanza, Shujaa kwenye ya nne, Bingwa kwenye ya saba, Bwana kwenye ya tisa. Yalifanana sana na vyeo, lakini Bingwa hakuwa na mamlaka hata ya kumtuma Mkongwe maji.

Historia nayo iko upande wao, angalau kwa majina. Jeshi la kikabaila lilikuwa mkusanyiko wa watu wa bwana huyu na watu wa bwana yule, wengi wakidaiwa utumishi wa siku 40 kisha warudi makwao. Kanali na meja ni watoto wa regimenti za kudumu zilizoanza kujengwa Ulaya kuanzia karne ya 16. Anayeweka sajini meja kwenye ulimwengu wa deraya na ngome za mawe amechanganya zama, na akichekwa asinung'unike.

Sasa tuuchukue huo mpira wa moto wenyewe, maana ndio silaha yao kuu katika mabishano, na kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, ambazo wengi wanazo kichwani. Unalipuka katika duara lenye nusu kipenyo cha futi 20, kama mita 6. Kila mtu anahesabiwa ameshika mraba wa futi 5 kwa 5. Ukigawanya eneo hilo unapata karibu watu 50. Madhara ni dadu 8 za pande sita, wastani 28. Aliyefanikiwa kukwepa anapata nusu, 14. Mlinzi wa kawaida ana alama 11 za uhai. Yaani kwa dadu za wastani hata aliyekwepa anaanguka. Senturio wa Kirumi aliongoza watu 80. Akiwapanga bega kwa bega mbele ya mchawi, tamko moja la kichawi limemwachia 30.

Hapo wenzangu hufunga kitabu: umeona, jeshi halina kazi. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Jeshi likishapigwa hivyo mara moja, ni kamanda mpumbavu tu atakayepanga watu 80 bega kwa bega siku ya pili. Mwenye akili atawatawanya: kumi nyuma ya ukuta, kumi mtaroni, kumi kwenye miti ng'ambo ya kijito, kila kundi mbali na jingine kiasi kwamba mlipuko mmoja hauli mawili. Watu 80 waliobanana wanaweza kuongozwa na kapteni mmoja mwenye mapafu. Watu haohao wakigawanywa makundi manane hawamsikii tena, na nusu yao hawamwoni. Kila kundi linahitaji mtu wake wa kusema simama, lala, piga, rudi, na mtu huyo lazima ajulikane kabla moshi haujatanda. Uchawi umehamisha uongozi kutoka juu kwenda chini. Waliodhani umeufuta walikuwa wanamtazama jenerali, wakamsahau koplo.

Dunia yetu ilipitia jambo hilo bila uchawi. Bunduki za rashasha na mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivunja safu ndefu za askari, na kufikia mwaka 1918 sehemu kubwa ya mapigano ilikuwa mikononi mwa vikundi vidogo chini ya makoplo na masajini. Hilo halikufanya vyeo visihitajike.

Kuna neno la zamani la Kiswahili ninalolipenda kwa kazi hii: ombasha, koplo wa enzi za maaskari wa kikoloni. Asili yake ni Kituruki, mkuu wa kumi. Kituruki hichohicho kina mkuu wa mia na mkuu wa elfu, na Wamongolia nao walipanga jeshi lao kwa 10, 100, 1,000 na 10,000. Cheo cha namna hiyo kinakueleza mara moja mtu anaongoza wangapi. Ukiogopa kuchanganya zama, mwite mkuu wa kumi basi, na mabishano ya majina yaishe.

Halafu kuna sekunde 6. Ndio urefu wa zamu moja ya mapigano katika kanuni hizo, na naona watu wengi huzipita bila kuziangalia. Upinde mrefu unafika futi 600, ingawa kupita futi 150 shabaha inakuwa ngumu. Mpira wa moto unafika futi 150. Mchawi anayetembea futi 30 kwa zamu, akikimbia 60, ana futi 450 za kupita chini ya mishale kabla hajaweza kuurusha: zamu nane hivi, sekunde 48. (Anayeruka angani au asiyeonekana ni habari nyingine, ila hata huyo lazima pawe na mtu wa kumshtukia.) Katika sekunde hizo 48 nani anasema "yule mwenye kanzu ya kijivu, wote kwake"? Kapteni yuko kilimani. Kumpelekea habari na kurudisha jibu ni zamu tatu au nne, kama mjumbe hajapigwa njiani. Kundi lenye mkuu wake linaanza kupiga kwenye zamu ya pili. Lisilo na mkuu linapiga kila mtu shabaha yake, mishale inaenda kwa wapagazi.

Mtu atanijibu kwamba uchawi huohuo unaleta mawasiliano: kuna tamko la kutuma ujumbe popote duniani, na jibu linarudi papo hapo. Kweli, na nikiri kwamba mimi ni mgonjwa wa tamko hili; naweza kulizungumzia usiku kucha. Ujumbe hauzidi maneno 25. Mtumaji lazima awe anamfahamu anayetumiwa. Mchawi wa ngazi ya 5, ambaye ndiyo kwanza amelifikia, anaianza siku na nafasi mbili tu za kutumia matamko ya kiwango hicho, na nafasi hizohizo ndizo anazozihitaji kwa mpira wa moto. Kwa hiyo jenerali mwenye mchawi mmoja kama huyo anaianza siku na jumbe mbili, kwa watu ambao mchawi wake amewahi kukaa nao. Hawezi kuwaamuru maombasha 80. Atawaamuru wawili, nao wawaamuru wengine, na hapo ngazi za amri zimerudi zenyewe bila mtu kuzialika. Kisha fikiria cheo kipya kinachozaliwa hapo: mchawi anayeamua ujumbe upi utumwe na upi usubiri kesho, huku akibana nafasi ya moto. Jenerali ndiye mwenye bendera, ila mimi ningemtafuta rafiki yangu kwa yule mchawi.

Tunaocheza kwa Kiswahili, kwa njia, tuna upendeleo ambao waandishi wa kanuni hawakuufikiria. "Daraja limevunjika. Msivuke. Rudini kilimani, mjichimbie, muwasubiri wapanda farasi alfajiri. Wasipofika, msiwafuate. Kapteni akifa, sajini ashike. Jibu." Maneno 17. Bado una manane ya kumkaripia mtu.

Turudi kwenye hoja yao ninayoiona ngumu kuliko zote, nayo haihusu moto wala historia. Inahusu meza. Mchezaji amekuja kuigiza mtu anayejiamulia. Ukimpa mwenzake cheo cha juu yake, umempa mwenzake haki ya kumchezea mhusika wake. Nimeona jioni zikiharibika hivyo, kapteni akigawa kazi kama mnyapara na wengine wanne wakitazama dari. Kanuni za mwaka 1981 kwa wanaoanza zilipendekeza mchezaji mmoja awe msemaji wa kundi kwa mwendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuwachezesha wahusika wengine wote, na meza nyingi ziliuacha utaratibu huo, nadhani kwa sababu hiyohiyo. Toleo la 2014 lilichagua njia salama zaidi: mhusika aliyewahi kuwa askari anapewa cheo kinachotambuliwa na askari wa jeshi lake la zamani. Askari hao wanachezwa na mwendesha mchezo, hivyo hakuna rafiki anayeamriwa.

Ni njia nzuri, na kwa meza mpya ningeishauri bila kusita. Lakini kinachoharibu jioni zile, kwa jinsi nilivyoona, ni cheo kisicho na mipaka. Kapteni anaamuru kila kitu kwa sababu hakuna aliyeandika asichoweza kuamuru. Mpe mchezaji mmoja makundi na njia ya kupita, mwingine chakula na nyumbu, wa tatu majeruhi, wa nne matamko ya mchawi, na useme wazi kwamba kapteni anasema nini kifanyike ila hasemi namna. Huyo wa nyumbu akisema wanyama hawatembei leo, kapteni ana tatizo la kweli. Sijawahi kuona mtu akitazama dari hapo.

Na kuna jambo moja ambalo jeshi lolote la dunia yetu halikuwahi kulitatua kwa sababu halikulihitaji. Warumi walimweka naibu wa senturio nyuma ya safu, na akianguka mkuu, naibu yupo. Kwao kifo kilimaliza swali. Katika mchezo, maiti wa siku zisizozidi 10 anaweza kurudishwa kwa almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu. Nani anashika kikosi katika siku hizo? Akirudi, cheo chake kinamsubiri au kilikufa naye? Kambi ikiwa na almasi moja na maiti wawili, kapteni na fundi anayejua kujenga madaraja, nani anaamua, na anaamua akiwa na cheo gani? Anayesema vyeo ni mapambo anijibu hilo la mwisho. Kila meza niliyoiuliza imegawanyika, na mwenye kauli ya mwisho daima alikuwa yule aliyepewa ufunguo wa sanduku la almasi, jambo ambalo mimi naliita cheo hata kama halina jina.

Kanuni zinaongeza utamu: aliyerudishwa anapunguziwa alama 4 katika kila shambulio, kila kujihami na kila jaribio la uwezo wake, na upungufu huo unapona alama moja kwa kila mapumziko marefu, yaani usiku mmoja wa kulala. Siku nne mtu yuko hai lakini hajawa mzima. Mezani kwetu tuliandika sheria kwamba ofisa aliyefufuliwa harudishiwi amri hadi usiku wa nne upite; hadi hapo anaitwa afande, anakula na maofisa, na hagusi ramani.

Kapteni wetu alikufa mtoni, akarudishwa siku ya tisa. Sajini, mchezaji mpole ambaye mwanzoni hakukitaka hata hicho cheo, alikuwa amekishika kikosi muda wote huo na kupoteza watu wawili tu. Kapteni akaingia hemani, akavuta ramani. Sajini akapiga saluti.

"Afande, huu ni usiku wa ngapi?"

"Wa pili."

"Bado miwili, afande," akasema, na kuirudisha ramani upande wake.